Foleni ya Bwana Kesho

Jumatatu, 3 Machi

Wewe ambaye daftari hili limekuangukia mkononi, simama hapo hapo. Usigeuze ukurasa mbele ya mtu. Usimsomee mkeo wala mumeo, usimnong'oneze rafiki hata kama ni wa kufa na kuzikana. Na kama wewe ni mwanamke mfupi, mikono imechakaa kwa sabuni, umeingia humu kuchukua nguo zangu chafu — Dada, nakuomba, lirudishe chini ya godoro. Sikukuandikia wewe. Sikumwandikia mtu. Ni kwamba kichwa kimejaa, na mwalimu wetu wa chuo cha ukarani alitufundisha kuwa kisichoandikwa hakikutokea. Nataka kujua kama haya yanatokea.

Leo nimetimiza wiki tatu kazini. Bado sijui kampuni inafanya nini.

Ofisi ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la kinyozi. Meza mbili. Taipureta moja. Simu nyeusi inayong'aa, waya wake unaishia nyuma ya kabati, haujafungwa popote. Kabati la chuma nimelipanga mwenyewe: mafaili arobaini na mawili, kila moja na lebo. Faili la Usajili wa Kampuni lina karatasi moja tu, kwa mwandiko wangu: "Hati ya usajili itawekwa hapa." Niliiweka wiki ya kwanza. Nilimuuliza Mkurugenzi hati iko wapi. Akasema kesho.

Kila kitu ni kesho. Wino kesho, waya wa simu kesho, barua yangu ya ajira kesho. Kinyozi wa chini humwita Bwana Kesho, nami nimeanza kumwita hivyo kimoyomoyo. Naogopa siku moja ulimi utateleza.

Ni mtu wa kupendeza. Masharubu mazito yenye ncha, viatu vyeupe, mwendo wa mtu anayewahi gari-moshi. Akianza kusema huna pa kutia neno. Wiki ya kwanza tulikuwa kampuni ya barafu isiyoyeyuka. Ya pili, ya kukodisha vivuli. Leo ametazama dari kutwa nzima.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Kesho alikwenda posta kununua stempu mbili. Alirudi baada ya saa tatu, kofia mkononi, macho yanawaka.

Amesimama foleni, akasema, mpaka miguu ikaota mizizi, na hapo ndipo alipofunuliwa. Wakubwa hawana muda. Wadogo wana muda tele, unawaozea mikononi. Sisi tutauchukua muda wa wadogo tuwapelekee wakubwa. Tajiri ana haja posta, benki, kwa daktari — anatupigia simu, tunampelekea mtu wa kumsimamia kwenye foleni, yeye anakuja zamu ikifika.

Nikauliza atatupigiaje, na simu haina waya.

"Kijana wangu, usiniletee waya. Niletee kanuni."

Basi nimeandika kanuni tisa. Naona haya kusema, lakini ni nzuri. Ninayoipenda zaidi ni ya nne: Msimamaji haachi nafasi yake kwa sababu yoyote ile mpaka mwenye namba afike mwenyewe. Mpiga chapa aliipiga bila kuniangalia. Ni mama wa makamo, hufuma sweta chini ya meza kazi ikipungua, yaani kutwa.

"Mwanangu," akasema, "wewe una kipaji. Mungu akusaidie ukitumie mahali pengine."

Alhamisi, 6 Machi

Tangazo la kutafuta wasimamaji. Niliandika rasimu mara tano. Bwana Kesho aliipitisha yote isipokuwa sentensi moja, ile inayoeleza kazi yenyewe. Maneno yake hayana mvuto, alisema. Atanipa mengine kesho.

"Kwa hiyo tungoje mpaka kesho?"

"Tungoje nini? Bandika leo."

Nikakaa na kalamu nusu saa. Karani hachapishi maneno ambayo hayajaidhinishwa. Hilo ni jambo la kwanza tulilofundishwa. Nami sikuwa na idhini ya sentensi ile. Lakini idhini ya kubandika nilikuwa nayo. Basi nikaiondoa, nikabandika zilizobaki.

Nakala thelathini. Posta, sokoni, stesheni, lango la hospitali. Zina mahali, siku, saa, picha mbili za pasipoti, cheti cha shule, barua ya mwajiri wa zamani, onyo kwamba watakaochelewa hawatahudumiwa, namba ya kumbukumbu, mhuri, na herufi za kwanza za jina langu. Kila kitu kimo ila kile wanachoitiwa.

Mpiga chapa alilisoma mara mbili. "Watu wanaitiwa nini?"

Nikamwambia sijapata idhini.

Akarudi kwenye sweta.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya ofisini. Nyumbani Dada anapiga pasi gauni lake zuri na kuimba. Nikamuuliza kuna nini. Mambo ya wakubwa hayo, akasema, kula ulale.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike kwa mfuatano.

Saa moja na nusu asubuhi nikatokea kona ya mtaa, nikadhani kuna moto. Watu wamejipanga kutoka mlango wa kinyozi hadi ng'ambo ya duka la vioo. Suti, mashati yaliyopigwa pasi, bahasha za kaki kifuani. Mia moja na arobaini — niliwahesabu, maana ndilo jambo pekee nililojua kulifanya.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni pake na wembe.

"Karani, umeniitia kijiji kizima mlangoni. Kama wamekuja kunyolewa, nakusamehe."

Nikamwambia wamekuja kwa tangazo. Akauliza tangazo la nini. Nikapanda ngazi.

Katikati ya ofisi tuna ukuta wa mbao wenye dirisha dogo. Nikaketi nyuma yake na kitabu cha namba. Namba moja, mzee mwenye mwavuli, akanisukumia picha zake mbili na cheti.

"Niko tayari," akasema.

"Tayari kwa lipi, mzee?"

"Kwa hilo mlilolipanga. Tangazo lina mhuri."

Wote walikuwa hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mwanamke mmoja alisema aliona tangazo linataka picha, cheti na barua, akajua hili si jambo la mchezo. Waliopita njiani wakaona foleni, wakajiunga, wasije wakakosa. Bwana Kesho alikaa kwenye kiti alichoazima kwa kinyozi, akawa anatazama miguu ya watu kama mnunuzi wa farasi. Wenye miguu imara aliwaajiri. Waliobaki niliandika majina yao, nikagonga mhuri kwenye kipande cha namba, nikawaambia watataarifiwa. Walishukuru. Mmoja alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Namba arobaini na saba.

Nilikuwa nimeinama kwenye kitabu. Nikasikia sauti: "Shikamoo, bwana karani."

Nikaitikia marahaba. Kisha nikainua uso.

Dada. Dada yangu aliyenilea tangu nina miaka minne, mimi nikamwitikia marahaba. Amevaa gauni lile. Mdomo umefungwa asicheke. Bahasha ya kaki mkononi.

Bwana Kesho akamuuliza anaweza kusimama kwa muda gani.

"Miaka kumi na minane, baba, mbele ya birika la kufulia mashuka ya hospitali. Sijawahi kuomba kiti."

Bwana Kesho aliinuka kabisa. Sijawahi kumwona akimwinukia mtu. "Msimamaji Mkuu," akasema. "Andika, kijana."

Nikaandika.

Dada akaniinamia dirishani, akanong'ona kwamba alitaka kunishtua. Barua ya kuacha kazi amekwisha kuipeleka tangu Ijumaa, na siku zilizobaki ni za likizo. Sasa tutakuwa tunatoka nyumbani pamoja kila asubuhi, alisema, kama wakati nilipokuwa naanza shule.

Jumanne, 11 Machi

Wasimamaji ishirini na wawili wameajiriwa, na mteja hatuna hata wa dawa. Nilidhani hapo ndipo itakapokufa. Ningeshukuru.

Saa nne akaja mwenye duka la vioo. Ameona foleni siku mbili, hajui ni ya nini, hataki kupitwa, na hana muda wa kupanga. Bwana Kesho alimshukia kama mwewe. Je, bwana anahitaji mtu wa kumsimamia? Ndiyo. Kwenye foleni ipi? Hii hii.

Nikadhani nimesikia vibaya. Hapana. Tumempa mteja wetu wa kwanza msimamaji wa kumsimamia kwenye foleni ya kuja kwetu. Kufikia adhuhuri wafanyabiashara wote wa mtaa walikuwa na watu wao mle. Nusu ya foleni ni wafanyakazi wetu, wanangoja zamu ya kufika kwetu.

"Biashara inayojilisha yenyewe," Bwana Kesho akasema, akinyoosha masharubu. "Haihitaji hata mvua."

Kinyozi naye amekoma kulalamika. Watu hawawezi kuacha nafasi zao, kwa hiyo anawanyoa humo humo, akisogea na kigoda chake hatua kwa hatua. Nimempa kitabu cha namba awe anawagawia wa chini. Anasema yeye ndiye mtu pekee katika jengo hili anayejua anachofanya.

Alasiri alikuja Mkaguzi wa manispaa. Mtu mwembamba, miwani, mkoba wa ngozi. Alitaka kupanda moja kwa moja aje kuona hati ya usajili. Foleni ikanguruma. Watu waliosimama siku mbili hawamwachii mtu, hata awe nani. Akasimama, akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya kusikika kwamba sheria ni msumeno. Akachukua namba kwa kinyozi. Mia mbili sitini na nne.

Lakini naye ana ofisi yake ya kuangalia, ng'ambo ya barabara. Hawezi kusimama. Bwana Kesho akampigia saluti na kumpa msimamaji. Aliye bora kuliko wote.

Dada.

Nililiona kutoka dirishani. Mkaguzi akamkabidhi Dada kipande cha namba. Dada akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akamwahidi kitu. Wamekubaliana: zamu ikifika atapunga taulo jeupe kutoka kwenye ngazi, Mkaguzi ataliona mezani kwake.

Kuita sijamaliza. Nilipofunga nilikuwa namba tisini na tano.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Kesho hajalala, naona. Kanijia asubuhi na agizo la mdomo: niite polepole. Polepole kiasi gani? "Kama mtu anayekula samaki mwenye miiba." Namba 264 isifike mwezi huu, alisema, na ikiwezekana isifike mwaka huu. Nilimuuliza kama naweza kulipata agizo hilo kwa maandishi. Akacheka mpaka akakaa.

Mpiga chapa hakucheka. "Tangazo lina herufi za jina la nani?" akaniuliza. "Kanuni zina sahihi ya nani? Hati ya usajili iliyo faili namba moja ni mwandiko wa nani? Mimi napiga chapa tu, mwanangu. Yule pale hana hata herufi moja humu ndani."

Nikaenda kupekua kabati. Kweli. Mafaili arobaini na mawili, sahihi zote zangu.

Mchana nikaaga naenda kutafuta wino, wakanipisha. Nikaenda hospitali. Si mbali, dakika kumi kwa miguu. Foleni ilinisindikiza zaidi ya nusu ya njia. Nikamwendea karani wa utawala, mtu mkavu kama biskuti. Kwa dirisha, kwa heshima, karani kwa karani. Akaniambia hivi: barua ya Dada inaanza kazi Ijumaa saa kumi jioni. Kabla ya hapo anaweza kuiondoa kwa barua nyingine yenye sahihi yake. Baada ya hapo nafasi inapewa mwingine, na kiinua mgongo kinapotea, kwa sababu hajatimiza miaka ishirini. Amebakiza miwili.

"Na huyo dada yako," akauliza, "amepata kazi gani?"

Nikamwambia ya ofisi.

Nimeita watu kumi na wawili tu leo. Niko 107. Nimefanya kama nilivyoagizwa.

Naandika jambo hili polepole nilielewe. Nikiita taratibu, Mkaguzi hafiki, mimi niko salama, na Dada anapoteza miaka kumi na minane. Nikiita haraka, Mkaguzi anafika kabla ya Ijumaa saa kumi, anafungua faili namba moja, anamwambia Dada mbele ya kila mtu kwamba hakuna kazi. Dada anakimbia kuchukua barua yake. Mimi wananichukua wao.

Kuna njia ya tatu. Nimwambie mwenyewe, usiku huu, mezani. Yuko hapo nje ya mlango, anaosha vyombo. Nasikia sahani.

Alhamisi, 13 Machi

Sikumwambia. Nilitoka, nikasimama, akageuka akanitazama, nikamwomba chumvi.

Baadaye aliketi, akaweka miguu kwenye beseni la maji moto. Akasema kazi ya kusimama hii si kama ile nyingine. Kule unasimama na shuka, hapa unasimama na watu, unasikia habari. Jana amejua mambo ya familia tatu. Halafu akasema, "Mkurugenzi wenu ana maneno mengi. Lakini nikikuona wewe pale dirishani, umeinama unaandika, moyo unatulia."

Leo nimeita haraka.

Nataka Mkaguzi aseme, mimi nisiseme. Ndiyo ukweli wake. Ni woga, najua, lakini ni woga wenye mwendo.

Tatizo ni kwamba siwezi kuruka namba. Nilijaribu. Nilifika 131, nikafungua mdomo niseme 264, nikasema 132. Basi nikapunguza utaratibu mwingine wote. Jina, mhuri, utataarifiwa, anayefuata. Bwana Kesho akaja nyuma yangu akaninong'oneza samaki, samaki. Nikajifanya sisikii. Akanishika bega. Nikamgonga mhuri mkononi kwa bahati mbaya. Nimefika 170.

Jioni nilipita kwenye mkia wa foleni. Umefika lango la hospitali. Waliotoka kuwatazama wagonjwa wanajiunga na chupa zao za chai.

Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili asubuhi. Leo daftari nimekuja nalo. Naanza na 171. Dada yuko chini, naona taulo begani mwake.

Saa nne. 203. Bwana Kesho ametazama dirishani, ametazama saa, amechukua kofia. Anaenda kwa kinyozi mara moja, alisema, akazungumze mambo ya kigoda.

Saa tano na nusu. 221. Kinyozi kapanda na habari. Anashikilia ubavu kwa kucheka. Bwana Kesho alikaa kwenye kigoda akaomba masharubu yanyolewe yote. Yote? Yote. Akavaa koti lake ndani nje, akachukua namba 911, ya mwisho kitabuni, akaenda mkiani mwa foleni. Sasa anapiga kelele kuliko wote. Anawaambia watu kwamba wamedanganywa, kwamba anamtaka mkurugenzi, kwamba huyo karani wa juu asiachiwe kuondoka. Kinyozi amemjua kwa viatu vyeupe. Wengine hawakumjua. Wanampigia makofi.

Nikamuuliza kinyozi kwa nini hakuwaambia.

"Niwaambie nini? Kwamba mkurugenzi anamtafuta mkurugenzi? Wataniita mwehu mimi."

Saa saba. 240. Mpiga chapa amenipa nusu ya mkate wake. Hakuondoka kula. Sikumwomba abaki.

Saa nane na robo. 252.

Saa tisa na dakika kumi na nane. 263 alikuwa mwanamume kiziwi. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba atataarifiwa. Akaandika chini yake: Lini? Ni mtu wa kwanza wa foleni katika wiki nzima kuniuliza swali. Nikamwandikia kwamba sijui. Akaikunja karatasi, akaniamkia kwa kichwa, akaondoka.

264.

Dada alikuja dirishani, akatoka tena kwenye ngazi, akapunga taulo. Akapunga tena. Dirisha la ofisi ya Mkaguzi limefungwa. Mtu wa chini akapaza sauti kwamba Mkaguzi yuko benki tangu saa nane, amekwama foleni.

Nitaandika yaliyofuata kama yalivyokuwa, hata kama nina dakika chache.

"Dada," nikasema.

"Niko kazini, karani. Mwenye namba anakuja."

"Dada, nenda hospitali ukachukue barua yako. Saa kumi wanafunga."

"Kanuni ya nne." Alikuwa anatabasamu. Alidhani namjaribu.

Nikamwambia. Hakuna kazi. Hakuna kampuni. Faili la Usajili lina karatasi moja na mwandiko ni wangu. Mkurugenzi yuko mkiani mwa foleni, hana masharubu, anawachochea watu. Nilianza kwa kunong'ona, nikamalizia kwa sauti ya kawaida, kwa sababu Mpiga chapa alikuwa ameacha kufuma na alikwisha kusikia.

Dada aliukunja ule mkono wenye namba.

"Tangazo lilibandikwa langoni petu," akasema. "Wenzangu walisema, mbona hawajasema kazi gani. Nikawaambia hayo ni maneno ya mtu niliyemlea mimi. Namjua anavyopanga maneno. Yananitosha."

 

Nikamsihi tena aende. Akakataa. Kampuni ikiwa hakuna basi hakuna, lakini yule mtu wa miwani yupo, na alikwisha kumwahidi, na ahadi yenyewe aliitoa yeye Dada, si Mkurugenzi. Asipomkuta mtu hapa dirishani namba yake itapita, na watu hawa wote wataendelea kusimama mpaka lini? Atasimama mpaka aje. "Wewe una miguu," akasema. "Andika barua, nitie sahihi, ukimbie."

Nikaandika. Mistari minne.

Siku zote, nilichoandika Dada hutia sahihi bila kusoma. Fomu za shule, barua za mwenye nyumba. Leo alisoma. Kidole chini ya kila neno, midomo inatikisika. Alinirudisha kwenye neno moja akauliza lina maana gani. Nikamwambia. Akaniambia niandike rahisi zaidi. Nikaandika upya. Akasoma tena toka mwanzo. Dakika kumi zilikwenda hapo. Sikumharakisha. Kisha akatia sahihi, herufi kubwa, moja moja.

Saa tisa na dakika thelathini na mbili nikatoka mbio.

Nimefika ngazi ya kumi na moja.

Hawanipishi. Ngazi imejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Maneno ya yule wa viatu vyeupe yamepita mdomo kwa mdomo hadi hapa, kwamba karani anatoroka, na hapo wana haki, maana sura yangu ni ya mtu anayetoroka. Nikawaambia narudi sasa hivi. "Ukishuka nani atatuita?" akasema 265, mama mwenye kikapu. "Tumesimama tangu Jumanne, mwanangu. Hapa hapiti mtu." Nikasema ni jambo la hospitali. Kila mtu ana mgonjwa, akanijibu, si kwa ubaya.

Basi mimi sishuki. Lakini nikatazama chini ya ngazi, na mlangoni, na mtaani, kichwa baada ya kichwa, na nikakumbuka mkia wao uko wapi.

Nilichomoa mhuri mfukoni. Niligonga bahasha ya barua mbele na nyuma. Juu yake nikaandika kwa herufi za kuchapa: HOSPITALI, DIRISHA LA UTAWALA, KABLA YA SAA KUMI. PITISHA. Nikampa mama mwenye kikapu. Aliitazama. Akaona mhuri. Akampa wa nyuma yake.

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na nane. Kutoka 265 hadi 911 ni watu mia sita na arobaini na saba. Kila mmoja akiishika kwa sekunde mbili tu, ni dakika ishirini na moja na ushee. Ikiwa hakuna atakayeuliza ni ya nini. Ikiwa hakuna atakayeifungua. Na mtu wa mia sita na arobaini na saba, aliyesimama langoni pa hospitali, ana viatu vyeupe.

Naandika daftari likiwa mgongoni mwa mzee mwenye mwavuli. Amerudi kwa namba nyingine. Ameniruhusu, mradi nisibonyeze sana.

Nawasikia mtaani. Pitisha. Pitisha. Sauti inapungua, imekata kona.

Sasa wewe, uliyeshika daftari hili, maana nikimaliza nalo nalipitisha. Siri niliyokuomba mwanzoni nakuomba bado, ila kwa jambo moja. Ukiwa umesimama popote kwenye foleni hii na jibu likakufikia, liwe la heri au la shari, usikae nalo mkononi. Lirudishe kwa njia iliyopita barua, mkono kwa mkono, kupita duka la vioo, mlango wa kinyozi, kisha juu. Muulize mama mwenye kikapu. Mimi niko ngazi ya kumi na moja kutoka chini, upande wa ukuta, sina kofia, vidole vina wino. Kama wamekwisha kunishusha, usinifuate. Panda hadi dirishani. Yuko mwanamke amesimama hapo, ana namba 264. Mpe yeye. Na usimsomee, atasoma mwenyewe. Wewe msogezee kiti.